Uzi: Zamu ya usiku site, nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi ikifika saa tisa?

Mzee wa Nondo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Hapa Dar kazi kubwa za zege siku hizi zinafanyika usiku. Pita Kariakoo, Upanga au Kinondoni saa nane za usiku utakuta taa zinawaka juu ya ghorofa, pampu inanguruma na malori ya zege yamepanga mstari hadi barabarani. Sababu zinaeleweka. Mchana malori yanakwama kwenye foleni, na jua linakausha zege kwa juu kabla fundi hajamaliza kulisawazisha, nyufa zinaanza kesho yake. Reli ya SGR na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji navyo vilijengwa usiku na mchana. Kwa hiyo sisemi kazi ya usiku ifutwe. Wengi humu familia zao zinakula kwa sababu ya naiti.

Mimi nilianza kama mfunga nondo, sasa nasimamia zamu ya usiku. Nyuzi za usalama wa site humu ndani nimezisoma nyingi, na karibu zote zinaishia kwenye helmeti, buti na rifleketa. Ni sawa, vivaliwe. Lakini helmeti haijawahi kusimamisha pampu ya zege. Usiku wenye sauti wote wamekwenda kulala. Mhandisi yuko kwake, afisa usalama ametoka saa kumi na moja jioni, mwenye ufunguo wa stoo amezima simu, na gari la site amelala nalo bosi. Anabaki fomeni ambaye ameagizwa kitu kimoja tu: zege liishe.

Chukueni kazi ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Zege likishatiwa maji lina muda wake. Likizidi kama saa moja na nusu linaanza kugoma, na huku malori mengine yako njiani. Saa tisa usiku mtu aliye chini anapiga kelele kwamba mirunda, ile miti inayoshikilia slabu kwa chini, inalia. Fomeni afanye nini? Akisimamisha, asubuhi ataulizwa nani analipa zege lililomwagwa jalalani, na kwa nini slabu imekatwa katikati. Akiendelea, pengine halitatokea lolote. Wengi wanaendelea, na siwezi kuwalaumu wao peke yao, maana hakuna aliyewapa ruhusa ya kusimama.

Dawa ya hili inaandaliwa jua likiwa bado lipo. Kabla mhandisi hajaondoka, achore kwa rangi juu ya mbao zinazobeba zege mahali ambapo zege linaweza kukatishwa bila kuharibu jengo. Kwa kawaida ni sehemu ya kati ya urefu, kati ya nguzo na nguzo, siyo juu ya nguzo wala pembeni yake. Ubao wa kuzuilia ukae pale pale, umeshakatwa. Halafu aandike kwenye kitabu cha zamu jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi, asaini, na jina hilo lisomwe mbele ya watu wote kabla pampu haijawashwa. Hadi saidia fundi aliyekuja leo hii ajue kwamba huyu akisema simama, imesimama. Mtu huyo asiwe yule yule anayedaiwa zege liishe. Nasisitiza hapo, kwa sababu ukimpa fomeni kofia zote mbili umerudi ulikotoka.

Na yule wa chini ya slabu. Kila slabu inapomwagwa usiku lazima awepo mtu wa kuangalia mirunda au jeki (nguzo za chuma za kazi hiyo hiyo), na apewe kitu cha kumwonyesha, asitegemee masikio tu wakati poka ya kushindilia zege na pampu zinapiga kelele juu yake. Sisi tunaning'iniza timazi, yaani kamba yenye chuma kizito mwishoni, kutoka kwenye mbao za slabu, ncha yake ikae kama sentimita moja juu ya kipande cha tofali kilichowekwa sakafuni. Tunafanya hivyo sehemu kadhaa, kila timazi na taa yake. Ncha ikigusa tofali, mbao zimeshuka. Huyo mtu asimame pembeni, karibu na njia ya kutokea, achungulie kutoka hapo. Akiona imegusa anapiga filimbi, na filimbi hiyo haina mjadala. Mtu mwingine yeyote hatakiwi kuwa chini. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu vijana wanapenda kujilaza pale pale chini ya slabu inayomwagwa: hakuna mvua, hakuna umande, na mifuko mitupu ya saruji ya kulalia ipo. Mwenye mamlaka ya zamu apite na tochi kila kona kabla zege la kwanza halijashuka.

Tusijidanganye kwamba majengo yanaanguka nchi nyingine tu. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi hapa hapa Dar liliporomoka likiwa bado linajengwa, likaua watu 36. Novemba 2024 tukazika tena watu wa Kariakoo. Hizo hazikuwa ajali za saa tisa usiku, lakini zinaonyesha jengo halitoi taarifa ya wiki nzima. Likishaanza kusema, anayelisikia lazima awe na nguvu ya kufanya kitu palepale.

Niendelee na mengine kwa haraka, nyie mtaongezea.

Taa. Taa moja kubwa inayopiga upande mmoja inamfanya fundi afanye kazi ndani ya kivuli chake mwenyewe. Ziwe angalau pande mbili, ziinuliwe juu, zisiangalie uso wa dereva wala wa mtu anayepanda ngazi. Watu wanamulika pale zege linapomwagwa na kusahau ngazi, choo, njia ya kwenda getini na lilipo tenki la maji, wakati huko ndiko watu wanakotembea. Jenereta ikizima ghafla, sheria iwe moja: kila mtu asimame alipo, achuchumae, asubiri. Mtu akianza kutafuta ngazi gizani ndipo anapoingia kwenye shimo la lifti.

Mashimo hayo yafunikwe kwa ubao uliopigiliwa misumari na kupakwa rangi. Malini bodi, yale mabamba ya plaiwudi, iliyolazwa tu juu ya shimo ni mtego, maana saa saba usiku atatokea mtu anatafuta ubao wa kukanyagia, ataunyanyua na kutembea nao mbele huku haoni chini. Ncha za nondo zilizosimama, kuzivika chupa za maji kunasaidia zionekane, lakini chupa haimzuii mtu anayeanguka kutoka juu. Pigilia ubao juu yake au tumia vifuniko vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Jenereta isiwekwe bezimenti wala karibu na kontena wanamolala watu. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu anasinzia na haamki. Nyaya zipite juu, zisilale kwenye maji, na bodi ya umeme iwe na kifaa kinachokata umeme ukivuja kwa milliampia 30. Kile kitufe chake cha kujaribia kibonyezwe kila mwanzo wa zamu. Inachukua sekunde moja.

Karibuni.

Saidia Fundi

Mkuu umeongea vitu vya ndani. Swali langu ni la usingizi. Sisi deiwaka, vibarua wa kutwa, wengi mchana tunashinda site nyingine, usiku tunakuja huku. Ukisema umechoka unaambiwa ondoka, wako wengi getini. Mtu afanyeje?

Mzee wa Nondo

Ndugu yangu, hapo ndipo watu wanapokufa kimya kimya, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Mwili una saa yake. Kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri unashuka hata kama mchana ulilala vizuri. Sasa wewe umeamka saa kumi na moja alfajiri, umebeba tofali mchana kutwa, ikifika saa nne usiku una saa 17 hujafumba jicho. Vipimo vilivyofanywa na watafiti vinaonyesha mtu wa namna hiyo akili na mikono vinachelewa sawa na aliyekunywa hadi pombe ikafika asilimia 0.05 kwenye damu. Na hiyo ni saa nne, bado alfajiri hujaifikia. Fomeni anayemfukuza mlevi getini anamwingiza huyu kwa sababu hanuki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kazi zisizidi 12 kwa siku, ziada ikiwemo ndani, na kati ya siku moja ya kazi na inayofuata mtu apate mapumziko ya saa 12. Ukishafanya kazi saa tano mfululizo una haki ya kupumzika saa nzima. Usiku kwa mujibu wa sheria hiyo ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku inaongezwa angalau asilimia 5 ya malipo ya msingi. Kama saa moja unalipwa shilingi 2,000, ya usiku ni 2,100. Ikiwa ni saa ya ziada, ambayo ni mara moja na nusu, asilimia 5 inapigwa juu ya hiyo 3,000. Hela ni ndogo, lakini idaini, kwa sababu site inayoandika saa za usiku inalazimika kuandika majina ya waliokuwepo, na site yenye majina ikitokea ajali inajua inamtafuta nani kwenye kifusi.

Kwa upande wa wasimamizi: mpange kazi kufuata mwili. Kunyanyua kwa kreni, kazi za juu na kazi za umeme zifanyike saa mbili hadi saa sita. Baada ya saa nane wabakie na kusawazisha, kumwagia maji, kupanga vifaa. Mtu akiomba dakika 20 za kufumba macho mahali palipotengwa, mpeni, atarudi na macho mawili. Na getini muulize kila mmoja: leo mchana ulikuwa wapi? Ukimuuliza kwa wema atakwambia ukweli. Mpe kazi ya chini, usimpandishe juu.

Kwa wewe mwenyewe, ukijua umechoka omba kazi ya ardhini. Sema tu "leo nipange chini". Fomeni wengi wanakubali hilo kuliko wanavyokubali "nimechoka".

Dereva wa Miksa

Naongezea upande wetu. Usiku dereva wa lori la zege anapiga rivasi akiwa amemulikwa na taa za site usoni, kioo cha pembeni kina umande, na nyuma kuna watu kumi kila mmoja anampungia mkono wake. Hapo ndipo mtu anabanwa kati ya lori na pampu.

Mtu wa kuongoza lori awe mmoja. Awe na tochi yenye rangi au fimbo ya taa, asimame mahali ambapo namwona kwenye kioo. Nisipomwona, nasimama. Utingo wangu nimemfundisha hivyo hivyo, na kama site haina mtu huyo simwagi, narudi kuegesha. Wanapiga kelele, lakini wanamtafuta.

Kingine ni mpira wa mwisho wa pampu. Pampu ikiziba kisha ikafunguka, au hewa ikiwa imeingia kwenye bomba, ule mpira unaruka na kuchapa kwa nguvu ya kumtupa mtu nje ya slabu. Mchana watu wanaona bomba linavyotikisika wanakwepa. Usiku hawaoni. Pampu ikiwashwa upya, kila mtu akae mbali na mpira hadi zege lianze kutoka vizuri, na anayeushika asisimame kati ya mpira na ukingo wa slabu.

Na madereva wenzangu, msilale na injini inawaka huku lori liko kwenye mteremko. Weka gogo kwenye tairi.

Mlinzi wa Getini

Mmeongelea usalama wa mwili, mimi niongelee ulinzi, kwa sababu usiku hivi vitu havitengani.

Watu wanadhani mwizi wa site anaruka ukuta. Mzigo mkubwa unatoka getini, ndani ya gari linalojulikana, saa ambayo mlinzi anasinzia. Mafuta ya jenereta, nyaya za shaba, nondo, saruji. Kwa hiyo kila gari linalotoka usiku liandikwe namba, jina la dereva na kilichobebwa, hata kama dereva ni rafiki yako. Mzigo mpya upokewe mchana, ukishaingia usiku hakuna anayehesabu. Na nyaya zikishaibwa siyo hasara ya bosi peke yake: mwenzako anaunganisha kipande kibovu ili taa ziwake, kesho umeme unampiga.

Pili, mlinzi mmoja mwenye rungu asipambane na kundi. Vibaka wanatembea na mapanga. Washa taa zote, piga filimbi, piga simu, jifungie. Namba ya kituo cha polisi cha karibu, ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na ya ulinzi shirikishi ziandikwe ukutani kwa rangi kubwa, pamoja na 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto. Simu ya zamu iwe na chaji na vocha. Niliwahi kulinda mahali ambapo simu ya dharura ilikuwa inafungiwa stoo pamoja na misumari.

Tatu, na hili mkandarasi asikie. Zege linaisha saa tisa na nusu usiku, fomeni anasema kazi imekwisha, geti linafungwa, vijana 30 wanatupwa barabarani na malipo mfukoni. Daladala hakuna. Hapo ndipo wanapoporwa na kukatwa mapanga, na difenda ya polisi ikipita wanakamatwa kwa uzururaji. Waachwe wakae ndani ya uzio hadi kupambazuke, au wapangiwe gari. Malipo yatumwe kwa simu siyo mkononi. Na kila mmoja awe na kitambulisho au karatasi ya site yenye jina lake na tarehe ya zamu, yenye namba ya msimamizi anayeweza kupigiwa.

Mzee wa Nondo

Mlinzi, hilo la tatu ningelipandisha liwe la kwanza kwenye uzi. Mtu aliyeumia hatua mia mbili kutoka getini, akiwa na buti za kazi zina zege bado, ameumia kwa sababu ya ile kazi. Msimamizi anayejua vijana wake wanafikaje nyumbani hafungi geti saa tisa. Kwetu tulikubaliana zamu inaandikwa inaisha saa kumi na mbili asubuhi hata zege likiisha mapema. Muda unaobaki ni wa kuosha vifaa na kupumzika, na malipo hayapungui.

Dada wa Maji

Shikamooni. Mimi ni mwanamke, nabeba maji na kokoto, usiku nimeshafanya sana. Mnaongea mengi mazuri ila choo mmekitaja kama mahali pa kupitisha taa tu. Kwetu choo ni usalama. Kikiwa nyuma ya site, hakina mlango wala taa, tunaacha kunywa maji usiku kucha ili tusiende. Tunaumwa. Ama tunasindikizana wawili na fomeni anatukata saa.

Na wapo wanaotumia giza. Mtu anakwambia nitakuandika kesho ukinisubiri kwenye kontena. Tukimwambia nani saa saba usiku? Bosi yuko kwake. Kwa hiyo naunga mkono hoja ya mwanzisha uzi, awepo mtu mmoja mwenye mamlaka, lakini pawepo na namba ya pili ya kupiga ikiwa tatizo ni huyo huyo mtu.

Na hao mama lishe wanaoleta uji na chapati saa sita usiku, nao wapewe rifleketa na njia ya kupita. Wanapita katikati ya malori na ndoo ya uji wa moto kichwani.

Mzee wa Nondo

Marahaba dada. Hiyo namba ya pili sikuiandika mwanzo na inatakiwa. Iwe ya mtu asiyekuwa kwenye zamu, na ibandikwe chooni kwa ndani, ambako mtu anaweza kuisoma bila kuangaliwa.

Kwa faida ya wengine: sheria niliyoitaja inakataza mjamzito kupangwa usiku ndani ya miezi miwili kabla ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari, na miezi miwili baada ya kujifungua. Chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa usiku. Na mwenye cheti cha daktari kwamba afya yake haiwezi usiku anatakiwa kuhamishiwa mchana pale inapowezekana.

Umetaja maji nikakumbuka saruji. Zege bichi linaunguza ngozi taratibu. Likiingia ndani ya buti usiku mtu haoni na hasikii maumivu mapema, anaendelea kufanya kazi hadi asubuhi, akivua ngozi inatoka na soksi. Likiingia tu, vua, suuza kwa maji mengi safi, badilisha. Kwa hiyo tenki la maji safi liwe karibu na slabu na lisitumike kuoshea koleo.

Niko Doha

Salamu kutoka Qatar, mimi ni Mkenya, nimefanya kazi za mjengo Nairobi kabla ya kuja huku. Huku kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba kazi za nje haziruhusiwi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kwa hivyo kiangazi chote sehemu kubwa ya kazi inahamia usiku.

Nilitaka kuchangia hoja ya mamlaka. Kanuni ya hapa ya 2021 inasema kipimo kinachounganisha joto, unyevunyevu, jua na upepo kikipita nyuzi 32.1, kazi isimame saa yoyote ile. Usiku joto la bahari lenye unyevu linaangusha watu pia, na mtu anafikiri hayuko hatarini kwa sababu jua limezama. Uzuri wa namba ni kwamba hakuna anayehitaji ujasiri. Kikigonga, kila mtu anaweka chini koleo, na msimamizi hana wa kumlaumu. Hata nyumbani tungepata vipimo vya namna hiyo kwa vitu vingine, ingekuwa rahisi kwa yule fomeni.

Mzee wa Nondo

Mkuu wa Doha, umenisaidia kusema nilichokuwa natafuta. Ndiyo kazi ya ile timazi na tofali. Upepo pia: kila kreni ina kiwango chake cha upepo kwenye karatasi za mtengenezaji, kiandikwe kwa namba kubwa ndani ya kibanda cha mwendeshaji. Mvua ikianza, kazi za juu zinasimama, hakuna kuulizana imenyesha kiasi gani. Maji yakipanda kwenye shimo la msingi kupita alama ya rangi ukutani, watu wanatoka. Kwa Kariakoo hili la mwisho ni muhimu sana, maana maji ya ardhini yapo karibu na pampu zinafanya kazi usiku kucha. Pampu ikizima saa tisa udongo wa mchanga unalainika taratibu, na mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Anayefukiwa hadi kifuani hapumui.

Alama zote hizo ziwekwe mchana na mhandisi, kwa rangi.

Saidia Fundi

Swali la mwisho wakuu. Mtu akiumia usiku anapelekwa na nini, na nani analipa? Mwenzetu mmoja aliangukiwa na jeki mguuni, fomeni akampa shilingi elfu kumi ya bodaboda na kumwambia asiseme ameumia site.

Mzee wa Nondo

Pole yake. Mtu aliyevunjika au aliyeanguka kutoka juu asipakiwe kwenye bodaboda. Kama shingo au mgongo umeumia, kumkunja kwenye pikipiki kunaweza kumpooza. Gari lilale site na ufunguo uwe kwa mwenye mamlaka ya zamu, siyo kwa dereva aliyekwenda kwao. Njia ya kutoka isizibwe na malori ya zege, liachwe pengo la gari moja muda wote. Na pawepo angalau mtu mmoja kila zamu anayejua kuzuia damu na kumlaza mgonjwa.

Malipo: Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Mchango analipa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, na kibarua naye ni mfanyakazi. Mfuko unagharamia matibabu na fidia ya ulemavu au kifo kilichotokana na kazi. Lakini unahitaji ushahidi kwamba ulikuwa kazini. Ndiyo maana fomeni anasema "usiseme", na ndiyo maana jina lako kwenye kitabu cha zamu lina thamani kuliko shilingi elfu kumi. Mwenzako aseme ukweli hospitalini tangu mwanzo, iandikwe kwenye karatasi ya daktari kwamba ameumia kazini, wapi na saa ngapi. Apate mashahidi wawili waliokuwepo na namba zao. Mwajiri akigoma kutoa taarifa, aende ofisi ya WCF mwenyewe, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, nao waambiwe, wao ndio wanaokagua sehemu za kazi.

Mhandisi Kijana

Nimesoma uzi wote. Kesho kutwa tunamwaga slabu ya ghorofa ya tatu, kuanzia saa mbili usiku. Mstari wa kukatishia nitauchora, timazi nitaziweka. Kuhusu jina la mwenye mamlaka, mkurugenzi wetu atasema sawa mbele yangu, halafu saa tisa atampigia fomeni simu na kumwambia endeleeni. Hapo nafanyaje?

Mzee wa Nondo

Kijana, hilo litatokea, jiandae nalo. Kesho mchana kaa naye, mwonyeshe hesabu mbili: gharama ya kutupa zege la lori moja, na gharama ya kuvunja slabu iliyobonyea, kuiondoa na kuijenga upya, na hapo bado hujataja uhai wa mtu. Akishakubali, aandike kwa mkono wake kwenye kitabu cha zamu kwamba uamuzi wa kusimamisha hautenguliwi kwa simu. Anayetaka kuutengua aje site, asimame chini ya slabu hiyo, asaini akiwa hapo. Nakala ipige picha umtumie yeye, fomeni na mtu wa kiwanda cha zege. Huyo wa kiwanda usimsahau, mpe pia namba ya mwenye mamlaka ya zamu, maana huyo wa kiwanda akipigiwa simu na mwenye mamlaka ndiye anayezuia lori linalofuata lisitoke.